Chiriku Wawili, Gauni Moja

Gauni lilikuwa lake. Mwili uliokuwa ndani ya gauni haukuwa wake.

Hapo ndipo tulipomwacha Chiriku wiki iliyopita, msomaji: mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine kifuani, amesimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo cha studio ya picha, anamtazama msichana asiyemjua akijipaka wanja mbele ya kioo. Gauni la njano, mabega wazi, pindo limetariziwa kwa uzi mweusi. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alilishona kwa siku tisa kwa ajili ya picha za kuitangaza bendi. Asubuhi hii Chiriku alipokwenda kulichukua, dada mtu akashangaa. "Mbona mtu wa bendi yenu kaja jana kalichukua? Kasema picha ni leo."

Leo! Yeye aliambiwa picha ni kesho.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Msichana hakushtuka. Alimtazama kupitia kioo, akatoa tabasamu lililozoea kamera.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye Chiriku."

"Nani?"

"Chiriku. Mwimbaji wa Wana Cheche. Wewe ndiye wa nywele? Nakusubiri tangu saa nne."

Miaka kumi na miwili Chiriku ameimba na Wana Cheche. Ameimba na mimba ya pacha tumboni, ameimba na mafua, ameimba umeme umekatika watu wakamsikia mpaka ng'ambo ya barabara. Leo anaambiwa yeye ni wa nywele.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango nyuma yake taratibu, akavuta stuli, akaketi.

"Na zile nyimbo za redioni? Aliziimba nani?"

Msichana akashusha sauti, kama mtu aliyeingia matangani. "Ah, yule dada. Mungu amlaze pema. Alifariki."

"Alifariki lini?"

"Mwaka jana, nadhani. Sikuchimba sana. Si vizuri kuchimba msiba wa watu."

"Aliugua nini?"

"Homa."

"Maskini," akasema Chiriku. "Na alikuwa na afya, kweli!"

Kisha akaimba. Hakusimama wala hakupaza sauti. Alitoa mstari mmoja tu wa ule wimbo ambao redio zote ziliucheza msimu uliopita, akautoa kwa sauti ya chini, ile yenye mkwaruzo mwishoni ambayo hakuna mashine inayoweza kuiiga.

Kalamu ya wanja ikamponyoka msichana, ikachora mstari mweusi shavuni na kuangukia sakafuni.

"Dada," akanong'ona. "Ile sauti... ni wewe?"

"Ndiyo mimi. Nimefufuka. Nani aliyenizika?"

Kabla msichana hajajibu, mlango ukagongwa kwa nguvu na sauti ya kiume ikaita kutoka nje, tamu kama asali ya kuchovya kidole: "Chiriku wangu! Taa ziko tayari, mwandishi wa gazeti anafika saa nane kamili. Toka tukuone!"

Chiriku akasimama, akafungua mlango yeye mwenyewe.

"Nimetoka," akasema. "Nione."

*

Aliyekuwa nje ni meneja wa bendi. Watu humwita Bwana Kesho, kwa sababu kila jambo zuri kwake ni la kesho. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inaweza kukata mkate. Alipomwona Chiriku, alirudi nyuma hatua mbili akakanyaga waya wa taa.

"Ala! Mama Pacha! Si nilisema kesho?"

"Umesema. Ndiyo maana nimekuja leo."

Studio ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Pazia la kijivu liliteremka kutoka darini na kutandazwa sakafuni, taa mbili zenye miavuli myeupe zikilimulika. Ukutani zimebandikwa picha za pasipoti, za maharusi, za watoto wasio na meno. Mbele ya pazia walikuwa wanaume watatu wa Wana Cheche, wote wamevaa suti nyeusi zilizoazimwa.

Wa kwanza ni mpiga ngoma, Radi, ambaye vijiti vyake havitulii hata akiwa mezani anakula. Wa pili ni mpiga besi, mtu anayezungumza mara moja kwa wiki, na wiki hii alikuwa bado. Wa tatu ni mpiga gita, ameinamia gita lake akikaza waya uliokwisha kukazwa tangu asubuhi.

Huyo wa tatu ni mume wa Chiriku. Mtaani wanamwita Baba Pacha.

"Baba Pacha," mkewe akaita. "Kumbe mpo."

Gita likalia mlio mmoja, mbaya.

Nyuma ya Chiriku, yule msichana wa gauni la njano alikuwa ametoka naye. Alisikia jina hilo. Akamtazama Chiriku, akamtazama mpiga gita, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Hakuna aliyemjali wakati ule. Macho yote yalikuwa kwa Chiriku.

"Shemeji," Radi akawahi, "naapa, mimi niliambiwa huyu binti ni mcheza shoo. Nikasema sawa, Kalenda akicheza watu watakuja."

Alimwita Kalenda kwa kuwa kila duka mjini lilikuwa na kalenda ya sabuni yenye sura yake.

"Mcheza shoo anaitwa Chiriku?" akauliza Chiriku.

"Hilo silijui. Mimi napiga ngoma, sibatizi."

Bwana Kesho akanyanyua mikono yote miwili kama askari wa barabarani.

"Jamani, tusipandishe moto sufuria tupu. Mama Pacha, nisikilize. Sauti haionekani, na picha haisikiki. Kila kitu kina kazi yake. Wewe utaimba, kama kawaida. Huyu atasimama kwenye picha. Bendi inahitaji sura mpya. Kampuni ya muziki wameuliza: sura ya bendi ni ipi? Niwaonyeshe nini mimi?"

"Ungewaonyesha mimi."

Bwana Kesho alitazama shavu la kushoto la Chiriku, mara moja, kisha akatazama pembeni. Lakini ile mara moja ilitosha.

Msomaji mgeni ajue: utotoni Chiriku alimwagikiwa mafuta ya moto. Shavu lake la kushoto, kutoka sikioni hadi kidevuni, lina ngozi iliyokunjamana na kung'aa. Jukwaani husimama ubavu, kulia kwake kukielekea watu. Picha zake zote ni za upande mmoja, kama sarafu.

"Sema," akamwambia meneja. "Una mdomo mrefu siku zote. Leo umekatika?"

"Siyo mimi peke yangu, mama. Mambo yamefanywa kwa utaratibu." Bwana Kesho alifungua jalada lake la plastiki, akatoa karatasi. "Ridhaa hii hapa. Imeandikwa wazi: mwimbaji hatatokea kwenye picha wala mabango, na jina la Chiriku litatumiwa na bendi kwa mtu itakayemchagua. Imesainiwa kwa niaba yako."

Chiriku akaipokea. Maandishi aliyaruka. Alikwenda moja kwa moja chini, kwenye sahihi.

Aliijua ile sahihi. Mkia wake mrefu unaopinda kurudi nyuma aliuona kwenye cheti chake cha ndoa na kwenye kadi za kliniki za pacha.

Akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Baba Pacha?"

*

Mumewe aliweka gita chini. Akalichukua tena. Mikono yake haikujua pa kukaa.

"Nisikilize mke wangu. Unakumbuka lile gazeti?"

Alikumbuka. Nani angesahau? Miaka minne iliyopita mpiga picha mmoja alimvizia upande wa kushoto, gazeti likaichapa picha kubwa, na watu wakaipitisha simu kwa simu na maneno ya kuchekesha. Chiriku alijifungia ndani siku tatu. Siku ya nne alitoka akasema: mimi na kamera basi.

"Ulisema mwenyewe hutaki tena picha," mumewe akaendelea, jasho likimtiririka chini ya suti ya kuazima. "Meneja alipoleta hili wazo, nikaona ni nafuu kwako. Nilitaka kukuepushia maumivu."

"Ulitaka kuniepushia au kuniepuka?"

"Mama Pacha!"

"Nijibu. Ulishindwa kuniuliza? Kitanda kimoja, mto mmoja, ukashindwa kunigusa bega ukasema mke wangu, kuna jambo?"

Radi aliacha kugonga vijiti. Hilo halijawahi kutokea.

"Nilikosea," mumewe akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nilikosea kwa kukupenda."

Na hapa, msomaji, moyo wa Chiriku ulilegea kidogo. Usimlaumu. Mwanaume uliyekaa naye miaka kumi na miwili akikutazama kwa macho ya kuomba, hata jiwe huloa. Alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Haya. Tutaongea nyumbani."

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine pale ambaye bado hajasema. Mwenye studio, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, alikuwa nyuma ya kamera yake muda wote. Mji mzima unamwita Mama Picha.

"Mmemaliza?" akauliza. "Mimi kamera yangu imewahi kupiga maiti, nikaambiwa hii ni maiti. Haijawahi kupewa mtu aliye hai nikaambiwa hayupo. Hapa nimeitwa kupiga picha ya bendi. Walio bendi wasogee kwenye pazia. Wasio bendi benchi lile pale."

"Mama, mteja wako ni mimi," Bwana Kesho akaingilia.

"Wewe ni wa benchi."

Mpiga besi akacheka. Alikuwa amefungua wiki.

Kalenda alikuwa amekwisha kurudi chumbani bila kuambiwa. Alipotoka alikuwa amevaa suruali yake na blauzi yake, gauni limelala mikononi mwake limekunjwa vizuri. Alimpa Chiriku bila kumtazama machoni.

"Dada, mimi sikujua."

"Najua hukujua."

"Kuna jambo lingine..."

"Baadaye, mdogo wangu. Saa nane inaingia."

Kalenda akaenda kuketi benchi, ncha kabisa, mguu wake ukitikisika kama wa mtu anayengoja majibu ya daktari.

*

Chiriku alipotokea na gauni la njano, Radi alipiga mluzi, kisha akamwomba radhi Baba Pacha. Lilimkaa. Bila shaka lilimkaa, dada yake aliupima mwili ule kwa macho tangu wakiwa watoto.

Mama Picha akawapanga. Radi akachuchumaa mbele na ngoma moja, mpiga besi akasimama nyuma, Baba Pacha kulia, Chiriku katikati. Kwa mazoea Chiriku akageuza uso, kulia kukaelekea kamera.

"Geuka," akasema Mama Picha.

"Huku ndiko napigwaga."

"Huko umepigwa na watu wenye hofu. Mimi sina. Geuka, mwanangu. Nitazame kama mtu aliyekula zamu yako kwenye foleni."

Radi akacheka. Chiriku naye akacheka, na katika kucheka akajisahau, akageuka.

Fleshi ikawaka. Ikawaka tena. Tena.

"Kidevu juu. Besi, usilale. Gita, wewe tatizo lako nini? Tulia!"

Baba Pacha hakutulia. Alikuwa akitazama benchi. Kila fleshi ilipowaka alitazama benchi, na vidole vyake vikazidi kukaza waya wa gita, kukaza, kukaza, mpaka ukakatika na kumpiga kidoleni. Tone la damu likadondokea kiatu.

"Pole," mkewe akamwambia, akampa leso. Hakujua anamhurumia mtu wa namna gani.

Mama Picha akamwita Chiriku aje aone. Kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera alikuwepo mwanamke wa gauni la njano, uso mzima, kovu lote, macho yanacheka na kutisha kwa pamoja. Ungemwona mara moja usingemsahau.

Chiriku akakigusa kile kioo kwa ncha ya kidole.

"Huyu mimi?"

"Ndiye wewe. Hao wengine walikuwa wanapiga nusu."

Angelia, lakini mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Saa nane kamili. Mwandishi wa ukurasa wa burudani aliingia akihema, simu sikioni, daftari kwapani.

"Habari zenu, sina muda. Ukurasa unafungwa saa tisa. Nataka picha moja na mwimbaji mmoja. Chiriku nani?"

Bwana Kesho aliruka kutoka benchi utadhani limeshika moto.

"Huyu hapa!" Akamshika Kalenda mkono, akamwinua. "Sura mpya ya Wana Cheche. Yule pale ni mke wa mpiga gita, anajaribishia nguo tu."

"Mwongo!" Radi akafoka.

"Chiriku ni mimi," akasema Chiriku.

Mwandishi akawatazama wanawake wawili. Kisha akatazama saa.

"Jamani, mimi si hakimu. Huyu anaimba, si ndiyo? Basi aimbe. Sekunde thelathini."

Chiriku akatabasamu. Sasa Bwana Kesho amejinasa mwenyewe, mtego na nyama!

Lakini Bwana Kesho hakuonekana kunaswa. Naye alitabasamu. Akamsukuma Kalenda kidogo mgongoni. "Waimbie, binti. Kama ulivyofunzwa."

Kama ulivyofunzwa?

"Asiimbe," Baba Pacha akasema ghafla. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Haina haja. Meneja, acha. Asiimbe."

Wote wakamgeukia. Ni mara ya kwanza siku hiyo alipinga jambo.

Kalenda alisogea mpaka kwenye mwanga. Wanja bado ulikuwa umemchora shavuni. Alimtazama Chiriku, safari hii machoni.

"Dada, nitaimba," akasema. "Lakini siimbii gazeti. Naimba ili ujue."

Akavuta pumzi, akaanza.

*Nikipotea, mpenzi, usinisake sokoni,*
*nisake katika pumzi, nimejificha kooni.*

Aliimba vizuri. Hilo tuseme ukweli. Hana mkwaruzo wa Chiriku, ila kila pumziko aliliweka mahali pake, na kila sauti aliivuta pale ambapo Chiriku huivuta.

Mwandishi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Radi akakunja uso. "Hiyo sijawahi kuisikia. Ni ya albamu gani?"

Haikuwa ya albamu yoyote.

Ubeti ule Chiriku aliutunga hospitalini, siku ya tatu baada ya kujifungua pacha, alipokuwa hawezi hata kunyanyua kikombe. Mumewe alikaa pembeni ya kitanda na gita, akapiga polepole wagonjwa wengine wasiamke. Chiriku alikataa usirekodiwe. Alikataa usiimbwe jukwaani. Alisema: nyimbo zote ni za watu, huu ni wetu wawili.

Ni watu wawili tu duniani walioujua. Na yeye hakumfundisha mtu.

"Nani amekufunza ubeti huo?" Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

Kalenda hakumtazama meneja. Hata kidogo. Alimpita meneja kwa macho, akampita Radi, akampita mpiga besi.

"Yeye," akasema. "Miezi mitatu sasa, kila Alhamisi ukienda kwa dada yako. Nyumbani kwenu, sebuleni. Alilia wakati ananifunza. Alisema ubeti huu uliachwa na marehemu mke wake."

Mama Picha alikuwa na kidole kwenye kamera. Mwenyewe anasema mpaka leo kwamba hakukusudia. Kidole kilibonyeza.

Fleshi ikawaka.

Ndani ya ule mwanga watu wote wa Wana Cheche walikuwa wamegeuka upande mmoja: Radi mdomo wazi, mpiga besi ngumi imekunjwa, Chiriku katikati na uso wake mzima, wote wanamtazama mwanaume mmoja mwenye gita la waya uliokatika.

Mwandishi alikuwa wa kwanza kukifikia kioo cha kamera. Aliinama, akaitazama ile picha, na haraka yake yote ikamwisha.

"Hii," akasema. "Mama, nipe hii hii. Hii ukurasa wa kwanza."

"Hapana!" Baba Pacha akapaza sauti, akavuka lile pazia kwa hatua mbili, mkono umenyooshwa kuifuata kamera.

Chiriku akasimama njiani. Hakumsukuma wala hakumgusa. Alimpa tu lile shavu la kushoto, karibu, mpaka akalazimika kusimama.

"Mpe picha yake, Mama Picha," akasema. Kisha akamgeukia mwandishi. "Na wewe usifunge daftari. Muulize kwanza bwana huyu kaburi la mke wake liko wapi."